Kuunda upya injini ya Kombi ya zamani nyumbani

Katika toleo hili tunapenda kueleza kazi ambayo wengine huiogopa bila sababu, na wengine huivamia bila maandalizi: kuunda upya injini ya Volkswagen Type 2, gari ambalo huku kwetu hujulikana kwa jina moja tu, Kombi. Tunaeleza ili kila kamati au familia yenye gari la namna hii ijue kazi ipi inawezekana nyumbani, ipi ipelekwe kwa fundi, na fedha zitumike wapi.

Kombi za kwanza ziliundwa Wolfsburg, Ujerumani, mwaka 1950, na mwaka 1956 kazi ikahamia Hannover. Kuanzia mwaka 1951 kampuni ya Westfalia ilizitia vitanda, meza na makabati, zikawa nyumba za safari. Ujerumani iliunda toleo la pili kuanzia 1967 hadi 1979, na Brazil iliendelea kuunda Kombi hadi 2013. Ndiyo maana magari haya bado yapo barabarani, na vipuri vyake bado vinatengenezwa.

Kwa nini injini hii inawezekana nyumbani

Injini tunayoizungumzia ni ile ya 1600, yenye ujazo wa sentimita za ujazo 1584. Ina silinda nne zilizolala, mbili kila upande, na hupozwa kwa hewa. Haina rejeta wala pampu ya maji. Kila silinda ni kipande chake peke yake, hivyo zikichakaa huhitaji kuzichonga; unanunua seti mpya ya silinda, pistoni na ringi. Uzito wake ni kama mifuko miwili ya saruji, na watu wawili wenye jeki imara wanaweza kuishusha. Mwaka 1969 John Muir, mhandisi wa Marekani, alichapisha kitabu How to Keep Your Volkswagen Alive kwa ajili ya watu wasio mafundi, na wengi walijifunzia humo.

Tujiulize kwanza: je, inahitaji kufunguliwa?

Moshi mwingi au kukosa nguvu si lazima kuwe na maana kwamba injini imekufa. Huenda valvu zimebana, kabureta ni chafu, au plagi zimechoka. Kwa hiyo tupime kompresheni ya silinda zote nne. Zikikaribiana na ziko juu, tatizo liko kwingine. Moja ikiwa chini sana, hasa ya tatu, tushuku valvu ya moshi. Katika injini za kabla ya mwaka 1971 kipoza oili kilisimama kwenye njia ya hewa ya silinda hiyo, ikawa inapata joto kuliko wenzake.

Kipimo cha pili ni mchezo wa kranki. Shika puli ya kranki kwa nguvu, isukume na uivute. Mchezo unaotakiwa ni milimita 0.07 hadi 0.13. Ukiusikia kwa mkono kama kugonga, beringi na kasha zimechakaa, na injini lazima ifunguliwe yote.

Kushusha na kufungua

Tufungue waya wa betri kwanza, kisha tuzibe bomba la petroli. Tangi liko jirani kabisa na injini, na tone moja juu ya cheche linatosha kuteketeza gari zima. Kasha la injini ni la madini ya magnesi, ambayo yakishika moto hayazimwi kwa maji. Maji huyachochea zaidi. Ndoo ya mchanga mkavu na kizimamoto viwe karibu, na watoto wawe mbali. Gari likiinuliwa lishikiliwe na stendi, si jeki peke yake.

Kila kitu kinachofunguliwa kiwekwe kwenye mfuko au kopo lenye maandishi. Pistoni ziandikwe namba, mabati ya kuelekeza hewa yapigwe picha kabla ya kutolewa. Kazi hii haina haraka.

Mahali ambapo kubana matumizi ni hasara

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Mtu hununua pistoni mpya zinazong'aa, lakini anazifunga juu ya kasha lililochoka. Baada ya miezi michache injini inanoki, na pistoni zile mpya zinakwenda nazo.

Nyumbani tunaweza kuosha, kukagua, kubadilisha na kufunga. Hatuwezi kupima kranki kwa macho. Kranki, kasha na silinda hedi zipelekwe kwenye karakana ya kuchongea vyuma yenye vipimo sahihi. Fundi aangalie kama kranki inahitaji kuchongwa na kuwekewa beringi za saizi inayofuata, kama makao ya beringi ndani ya kasha bado yamenyooka, kama hedi zina nyufa kati ya valvu na tundu la plagi, na kama nyuzi za studi zimeng'oka. Kamati inayopanga bajeti iweke fungu hili mwanzoni, kabla ya rangi na mapazia. Tukumbuke kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Na karakana ikisema kasha halifai, tununue jingine au tuache kazi hapo. Kuendelea ni kutupa fedha.

Kufunga

Usafi ni nusu ya kazi. Njia zote za oili ndani ya kasha na kranki zipulizwe kwa upepo mpaka ziwe wazi; punje moja ya mchanga inatosha kuharibu beringi mpya. Injini hii ina chujio la wavu tu, halizuii vumbi jembamba.

Alama ya nukta kwenye gia ya kamshafti ikae katikati ya nukta mbili za gia ya kranki. Mishale iliyo juu ya pistoni ielekee kwenye flaiwili. Nusu mbili za kasha huungana bila gasketi, kwa gundi nyembamba maalumu. Mchezo wa kranki upimwe tena na kurekebishwa kwa shimu tatu nyuma ya flaiwili. Nati zote zikazwe kwa spana ya kupimia nguvu, kwa hatua na kwa mpangilio wa kitabu cha gari husika. Valvu ziachiwe nafasi ya milimita 0.15 injini ikiwa baridi kabisa.

Mabati yote na mpira unaozunguka injini virudishwe. Wengi huviacha wakidhani ni mapambo, kumbe ndivyo vinavyotenganisha hewa baridi na hewa ya moto. Bila hivyo injini huvuta joto lake yenyewe. Aidha, mipira yote ya petroli iwe mipya, yenye klipu.

Kuwasha kwa mara ya kwanza

Tutie oili lita 2.5. Plagi zikiwa nje, tuzungushe injini kwa stata mpaka taa ya oili izime. Ndipo turudishe plagi, tukizingatia mpangilio wa moto wa 1-4-3-2, na tuwashe. Kamshafti ikiwa mpya, injini isiachwe iunguruma polepole. Iende mizunguko kama 2000 kwa dakika, kwa muda wa dakika 20. Baada ya kilomita 500 hivi tumwage oili, tusafishe chujio na tupime valvu tena.

Dereva naye aelezwe jambo moja: feni huzungushwa na mkanda mmoja. Taa nyekundu ya chaji ikiwaka njiani, asimame papo hapo na aangalie mkanda. Ukikatika, hata mwendo mfupi wa kufika kijiji kinachofuata unaweza kuua kazi yote tuliyoieleza hapa.

Tunawatakia kazi njema na safari salama.