Fundi Cherehani na Mashine ya Upepo

Hadithi, hadithi! Haya, itikieni: hadithi njoo! Hii ya leo haina sungura wala fisi. Ina fundi cherehani anayekoroma.

Fundi huyu kwa kushona hakuwa na mpinzani mtaani, lakini kila ikifika alasiri kichwa kilimwangukia juu ya cherehani. Mteja akisema, "Fundi, suruali yangu vipi?" anashtuka, "Karibu, karibu!" na huyo mteja ameshakaa hapo robo saa nzima. Usiku mwenye kazi alikuwa mkewe. Anasikia mkoromo wa kutikisa kitanda, halafu kimya. Mkoromo alishauzoea, kimya ndicho kilichomtisha. Anahesabu moyoni, moja, mbili, tatu, akipita kumi mume anashtuka, anavuta pumzi kwa kishindo, anageuka, anaanza upya. Asubuhi fundi hakumbuki lolote. "Nimelala vizuri tu mke wangu, ila nimechoka."

Ngojeni niwaeleze kinachotokea. Nyuma ya ulimi kuna sehemu ya koo isiyo na mfupa wa kuizunguka. Inashikiliwa na misuli. Mchana misuli imekaza, usiku inalegea. Mmeshawahi kunywa ukwaju mzito kwa mrija wa karatasi uliolowa? Ukivuta kwa nguvu, kuta zinashikana na ukwaju haupandi. Koo la fundi nalo lilikuwa hivyo. Hewa inakwama, oksijeni kwenye damu inashuka, ubongo unamzindua kidogo, koo linafunguka. Dakika chache baadaye mambo ni yale yale.

Madaktari hawakisii, wanahesabu. Pumzi ikikatika, au ikipungua sana, kwa sekunde 10 au zaidi, hiyo ni mara moja. Kisha wanatafuta wastani kwa kila saa ya usingizi. Kwa mtu mzima, chini ya mara 5 hakuna neno. Kuanzia 5 mpaka kabla ya 15, hali ni nyepesi. Ikipita 30, ni kali. (Nyie watoto hesabu yenu ni kali zaidi, na mara nyingi kwenu tatizo ni mafindofindo yaliyovimba. Kama mdogo wako anakoroma kila usiku, mwambie mama.)

Fundi akapewa kifaa cha kulala nacho nyumbani: kibanio kidoleni, mrija mwembamba puani, mkanda kifuani. Majibu yakaja: mara 9 kwa saa, na karibu zote alipokuwa amelala chali. "Nyepesi," akasema daktari. "Mashine ipo, ukiitaka."

Ukiitaka! Hapo ndipo pagumu. Ingekuwa mara 40, daktari asingemwachia fundi achague hivi hivi. Kwa 9, mwenye kuamua ni mwenye koo lake.

Mashine yenyewe inaitwa CPAP, na ina kisa chake. Zamani, mwenye hali kali alitobolewa tundu shingoni apumulie hapo. Mwaka 1980, mjini Sydney, Australia, daktari Colin Sullivan alikuwa na mgonjwa wa namna hiyo ambaye hakulitaka tundu. Sullivan akachukua mota ya mashine ya kufyonzea vumbi, akaifanya ipulize badala ya kuvuta, akaiunganisha kwa mpira hadi puani kwa mgonjwa. Upepo ukalisukuma koo kutoka ndani, likabaki wazi. Akipunguza upepo, pumzi inakatika. Akiuongeza, mtu analala kwa utulivu. Mwaka 1981 akaandika habari za wagonjwa watano katika jarida la Lancet. Siku hizo kinyago kiligandishwa usoni kwa gundi ya silikoni kila usiku! Siku hizi ni mikanda tu, na mashine inakaa juu ya stuli.

Mke wa fundi akaitaka mashine siku hiyo hiyo. Fundi akaanza kutafuta visababu. Kinyago kitamkaba. Umeme ukikatika je? (Mashine inazimika, lakini mtu hakosi hewa: kinyago kina matundu, naye huzinduka akakivua.) Kuosha mrija na kinyago, nani ataosha? Na pesa?

Daktari akamsaili kwa maswali 8 yaliyotungwa na Murray Johns wa Melbourne mwaka 1991. Unasinzia ukisoma? Ukitazama televisheni? Ukikaa kimya baada ya chakula cha mchana? Ukiwa garini, foleni imesimama? Kila jibu lina alama kuanzia 0 hadi 3. Zikizidi 10, usingizi wa mchana umepita kiasi. Fundi akapata 13.

Kwangu mimi, hiyo 13 ina uzito kuliko ile 9. Mwenye 9 asiyesinzia mchana anaweza kuiacha mashine akalala zake kwa amani. Hata hivyo, mwaka 2020 watafiti wa Uingereza walitoa taarifa ya watu wenye hali nyepesi waliotumia mashine kwa miezi mitatu, na maisha yao ya kila siku yalipata nafuu kuliko ya wale walioshauriwa tu jinsi ya kulala vizuri. Lakini msidanganywe kuwa inamkinga kila mtu na ugonjwa wa moyo. Utafiti mkubwa wa mwaka 2016, wenye wagonjwa zaidi ya 2,700 waliomzidi fundi wetu kwa hali, haukuona kiharusi wala mshtuko wa moyo ukipungua. Ila waliopewa mashine walivaa kinyago kwa wastani wa saa tatu na ushee tu kwa usiku, na mashine iliyovuliwa haimsaidii mtu.

Njia nyingine zipo. Kupunguza uzito, kuacha pombe, kifaa cha mdomoni cha kusogeza taya mbele. Huko Uswisi watu 25 waliingia kwenye jaribio lililochapishwa mwaka 2006. Baadhi yao wakafundishwa kupuliza didgeridoo, baragumu refu la wenyeji wa Australia, na baada ya miezi minne usingizi wao wa mchana ukapungua. Msicheke, ni kweli. Na watafiti hao walipewa tuzo ya Ig Nobel, ambayo hutolewa kwa utafiti unaochekesha kwanza kisha ukakufikirisha.

Fundi wetu akachagua la kifundi. Akashona mfuko mgongoni mwa fulana ya kulalia, katikati ya mabega, akatia mpira wa tenisi, akaufunga kwa vifungo viwili. Akilalia mgongo, mpira unamchoma, anageuka ubavu. Mimi ningeanza na mashine, maana fundi huyo hupanda pikipiki kwenda kununua vitambaa, na usingizi barabarani haungoji majaribio ya mfuko. Daktari naye aliliona hilo. Akamkubalia mfuko kwa miezi mitatu, kwa masharti: pikipiki aendeshe mwanawe, na kipimo kirudiwe. Mke akaongeza la kwake: alama zikibaki juu ya 10, mashine inaingia ndani, lakini kwanza waulize kama inakodishwa, maana hataki kununua kitu cha bei kisha akikute uvunguni na vumbi lake.