Ubingwa wa Tiba ya Dharura kwa Wanyama

Nchini Marekani, daktari wa mifugo haitwi bingwa wa dharura kwa sababu tu amekesha miaka mingi katika hospitali za usiku. Hadhi hiyo hutolewa na American College of Veterinary Emergency and Critical Care, chombo kilichotambuliwa rasmi mwaka 1989, ambacho hakifundishi darasani bali huweka viwango, hutunga mtihani na kuwathibitisha wanaofaulu. Baada ya shahada ya udaktari wa mifugo, mwombaji kwa kawaida hupitia mwaka mmoja wa utarajali, yaani kutibu chini ya uangalizi katika idara mbalimbali, kisha miaka 3 ya mafunzo ya ubingwa.

Ni makosa kudhani kwamba miaka hiyo hutumika kuongeza wepesi wa mikono, kwani kinachojengwa hasa ni uwezo wa kutambua lipi litangulie, kama anavyodhihirisha paka dume aliyezibwa mrija wa mkojo. Mrija huo mwembamba unapozibwa na ute na chembechembe za madini, figo hushindwa kuchuja damu, na potasiamu, madini ambayo ziada yake hutolewa kwa mkojo, hulimbikizana hadi kuvuruga umeme wa moyo. Mwenye paka humwona akijikamua bila kutoa kitu, na pengine hudhani kwamba amekosa choo. Daktari asiye mzoefu naye hupapasa kibofu kilichojaa, akakimbilia kukizibua. Bingwa huanza na moyo, kwa sababu mapigo ya polepole kwa mnyama mwenye maumivu, ambaye moyo wake ulistahili kwenda mbio, humwonya kwamba dawa ya usingizi inayotangulia kupitishwa kwa mpira wa mkojo yaweza kumuua. Hivyo hudunga mshipani kalisiamu glukoneti, polepole, macho yakiwa kwenye mchoro wa umeme wa moyo. Dawa hiyo haipunguzi potasiamu hata kidogo, bali huukinga moyo kwa muda mfupi, wakati insulini na glukosi zikiirudisha potasiamu ndani ya seli.

Utafiti nao ni sehemu ya kazi hii, na matunda yake huvuka mipaka ya mabingwa wenyewe: mwongozo wa RECOVER wa kufufua mbwa na paka waliosimama moyo, uliotolewa mwaka 2012 na kuhuishwa mwaka 2024, unaelekeza kifua kikandamizwe mara 100 hadi 120 kwa dakika, na unaweza kufuatwa na daktari yeyote wa mifugo, awe amethibitishwa kuwa bingwa au la.