Silinda Moja Inapomwachia Mwenzake Mzigo

Injini ya Triumph Bonneville inapoanza kumisi, mara nyingi si injini nzima inayougua, bali ni silinda moja. Pikipiki hii ya Uingereza, modeli T120, ilianza kuuzwa kama toleo la mwaka 1959 ikiwa na silinda mbili zilizosimama bega kwa bega, ujazo wa sentimita za ujazo 649, na kabureta mbili za Amal. Jina lake lilitokana na uwanda wa chumvi wa Bonneville, jimbo la Utah nchini Marekani, ambako mwaka 1956 Johnny Allen aliendesha chombo chenye injini ya Triumph kwa maili 214 kwa saa, karibu kilomita 345. Kabureta ya pili ndiyo iliyoipa Bonneville mwendo kuliko ndugu zake wa kabureta moja. Hiyohiyo ndiyo inayowakosesha mafundi usingizi hadi leo.

Pistoni mbili za injini hii hupanda na kushuka pamoja, lakini silinda hulipuka kwa zamu, moja katika kila mzunguko wa kranki. Kwenye Bonneville za kuanzia 1963, kila silinda ina kabureta yake, pointi zake, kondensa yake, koili yake na plagi yake. Vinavyotumika kwa pamoja ni vichache: tangi, betri, swichi ya funguo na kifaa cha kusogeza taimingi. Kwa hiyo fundi ana injini mbili ndani ya moja, na ile nzima ni shahidi dhidi ya ile mbovu. Ikiwa zote mbili zinakohoa kwa pamoja, aanze na vile vya ubia. Ikiwa ni moja tu, atafute upande wa hiyo moja.

Kuijua silinda mvivu hakuhitaji chombo cha bei. Injini huwashwa ikiwa ya baridi na kuachwa sailensa, yaani ikiunguruma bila kuvutiwa mafuta, kwa nusu dakika hivi. Kisha matone ya maji hudondoshwa juu ya kila bomba la eksozi, karibu na hedi. Upande unaofanya kazi tone huchemka na kutoweka palepale kwa sauti ya kukaanga. Upande unaozembea tone huteremka taratibu likiwa bado maji.

Hapo wengi hukimbilia bisibisi na kuanza kukoroga kabureta. Ni kosa, na ndilo linalopoteza siku nyingi kuliko yote, kwa sababu kabureta haiwezi kusawazishwa juu ya silinda isiyokaza upepo wala juu ya moto usiokuja kwa wakati. Utaratibu unaofaa ni mgandamizo kwanza, moto pili, mafuta mwisho.

Kabla ya kupima mgandamizo, nafasi za vali hurekebishwa injini ikiwa imepoa kabisa: milimita 0.05 kwa vali ya kuingiza na 0.10 kwa vali ya kutoa. Nafasi hizi ni nyembamba mno, na vali iliyokazwa kupita kiasi haifungi sawasawa. Huvujisha, kisha huungua. Baada ya hapo plagi zote mbili hutolewa, mkono wa mafuta hufunguliwa hadi mwisho, na injini hupigwa kiki huku geji ikiwa kwenye tundu la plagi. Kinachotafutwa si namba kubwa bali namba zinazokaribiana. Upande mmoja ukiwa chini sana, kijiko cha oili humiminwa ndani na kipimo hurudiwa. Kikipanda, ringi zimekwisha. Kikibaki palepale, tatizo liko kwenye vali au gasketi ya hedi, na hakuna marekebisho ya kabureta yatakayoliponya.

Upande wa moto, jicho huelekezwa kwenye kifuniko cha mviringo kilicho kulia mwa injini. Ndani yake mna seti mbili za pointi zinazofunguliwa na kemu moja iliyo kwenye ncha ya shafti ya vali za kutoa. Kila seti hutakiwa kufunguka milimita 0.38. Umri wa pikipiki una maana kubwa hapa. Tangu 1963, injini na giaboksi zilipounganishwa katika nyumba moja, Bonneville zilifungwa pointi za Lucas aina ya 4CA, ambazo seti zote mbili hukaa juu ya sahani moja. Sahani ikizungushwa kupata taimingi ya silinda moja, ya pili huburutwa nayo, na njia pekee ya kuirekebisha ni kupanua au kubana nafasi ya pointi zake. Silinda mbili hizo hazikuwa na nafasi nzuri ya kupatana. Aina ya 6CA, iliyokuja kwenye modeli za 1968, iliipa kila seti kibao chake kinachosogezwa peke yake, na ndipo zote mbili zikaweza kuwekwa sawa kwenye nyuzi 38 kabla ya pistoni kufika juu. Mwenye pikipiki ya kale yenye 4CA asishangae injini ikigoma kutulia hata baada ya kubadilishiwa kila kitu kingine.

Gizani, kifuniko kikiwa wazi na injini ikiunguruma, pointi zenyewe husema. Cheche ndogo zinazomulika kidogo ni za kawaida. Cheche kubwa zinazoruka upande mmoja tu zinaonyesha kondensa iliyokufa, na nyuso za pointi hizo zitakutwa zimechimbika.

Kinachofuata ni kuhamisha vitu kutoka upande hadi upande, kimoja kimoja. Plagi hubadilishana nafasi kwanza. Ubovu ukihama pamoja na plagi, kazi imekwisha kwa bei ya plagi moja. Usipohama, zamu ni ya koili, na hapa umakini unahitajika, maana nyaya za kuhamishwa ni mbili: mnene unaokwenda kwenye plagi na mwembamba unaotoka kwenye pointi. Fundi akihamisha mmoja tu, cheche zitatoka katika mzunguko usio wa silinda husika, na injini itatema moto kwenye kabureta. Fundi anayebadilisha vitu vitatu kwa mpigo anaweza kuiponya pikipiki asijue alichoiponyea, nao ugonjwa ukirudi ataanza upya.

Moto ukishathibitika, ndipo kabureta inafunguliwa. Kwenye Amal aina ya Concentric, iliyofungwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, mshukiwa wa kwanza ni jeti ya sailensa. Katika nyingi ya kabureta hizi jeti hiyo haitolewi. Imeshindiliwa ndani ya mwili wa kabureta, nyuma kabisa ya skrubu ya upepo, na tundu lake ni karibu milimita 0.4. Petroli iliyokaa miezi hukauka humo na kuacha utando wa kahawia. Upepo wa kompresa peke yake mara nyingi haufui dafu, kwa kuwa hutorokea kwenye njia nyingine zilizo wazi. Waya mwembamba wa gitaa, ulionyooshwa vizuri na kuingizwa polepole kupitia tundu la skrubu, ndio unaofika penyewe. Uthibitisho ni dawa ya kusafishia kabureta: ikipulizwa humo, inapaswa kuchuruzika katika vitundu viwili vidogo chini ya slaidi. Bila mchuruziko, jeti bado imeziba.

Skrubu ya upepo huanzia mzunguko mmoja na nusu kutoka mwisho wake. Kwa kuwa inapunguza upepo, kuikaza huongeza mafuta, kinyume cha kabureta ambazo skrubu hutawala mafuta yenyewe. Slaidi nazo hulika, na upepo ukapita pembeni. Kitako cha kabureta kilichokazwa kwa nguvu hupinda na kuvuta upepo wa wizi. Rula ikiwekwa juu yake, mwanga huonekana katikati.

Siku hizi petroli yenye ethanoli, ambayo Uingereza iliifanya ya kawaida kwa kiwango cha asilimia 10 mwaka 2021, huongeza kazi, kwani huvuta unyevu na kushambulia mipira ya zamani. Pikipiki inayokwenda vizuri kilomita kadhaa kisha ikafifia, na kupona kifuniko cha tangi kinapofunguliwa, ina tundu la hewa lililoziba kwenye kifuniko hicho, si ugonjwa wa kabureta.

Kusawazisha kunakuja mwisho, injini ikiwa moto. Sailensa hupandishwa kidogo, waya wa plagi moja hutolewa na kuunganishwa na bodi ili koili isiumie, na silinda iliyobaki hurekebishwa hadi iungurume peke yake bila kutetereka. Kisha ni zamu ya nyingine. Waya zote zikirudi, skrubu za slaidi hulegezwa kwa kiasi kilekile pande zote mbili. Injini ikiwa imezimwa, kidole cha kila mkono hugusa slaidi ndani ya mdomo wa kabureta huku msaidizi akivuta mafuta taratibu: lazima zinyanyuke kwa mpigo mmoja, la sivyo kebo moja ina ulegevu zaidi.

Safari ya majaribio hufanywa barabara ikiwa tupu. Pikipiki ikiwa mbioni, klachi hubanwa na swichi kuzimwa kwa pamoja, kisha plagi hufunguliwa kandoni. Nyeusi yenye masizi imeshiba mafuta, nyeupe ina njaa na iko hatarini kuchoma pistoni. Zote mbili zikiwa za kahawia moja, isiyopishana, kifuniko cha pointi kinaweza kufungwa.