Mfinyanzi hulia gaeni: Faida ya chungu huamuliwa motoni

WAHENGA walisema mfinyanzi hulia gaeni. Vyombo vizima huviuza, chake yeye hubaki kile kilichopasuka. Kwa mfanyabiashara methali hiyo ni swali la hesabu: gharama ya vigae hulipwa na nani?

Swali hilo ni la zamani katika eneo la Rufiji na Kibiti. Huko Mkukutu, karibu na Kibiti, uchimbaji wa Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipata mabaki ya makazi ya kale ya wafua chuma na wafinyanzi, pamoja na shanga za kioo za Dola ya Rumi. Taarifa zake zilichapishwa mwaka 1999. Vyungu, basi, vilikuwapo katika eneo hilo biashara ya ng'ambo ilipokuwa changa.

Malighafi ni udongo wa mfinyanzi, ambao hupatikana mabondeni. Udongo hulowekwa, hukanyagwa na kuchanganywa na mchanga au vigae vilivyotwangwa. Mchanganyiko huo hupunguza kusinyaa na humpa mvuke njia ya kutokea. Mfinyanzi, ambaye katika mwambao kwa kawaida ni mwanamke, huinua chombo kwa mikono, hukikwangua, hukilainisha kwa kokoto, kisha hukianika kivulini kwa siku kadhaa.

Hasara hutokea wakati wa kuchoma. Vyungu hupangwa juu ya kuni na kufunikwa kwa makumbi ya nazi, makuti au nyasi. Chungu chenye unyevunyevu hupasuka, kwa kuwa maji hugeuka mvuke ghafla. Kwa upande mwingine, moto usiofika nyuzi joto 600 hivi huacha udongo ambao haujaiva, na chombo huweza kulainika tena kikitiwa maji. Moto wa wazi hufika kati ya nyuzi 600 na 900, lakini hupanda haraka na upepo huuyumbisha. Kilichoiva hujulikana kwa mlio wake kikigongwa.

Hesabu yake

Chukua mfano, ambao si bei ya soko. Mfinyanzi anachoma vyungu 40 kwa gharama ya Sh. 80,000, ikiwa ni kuni, usombaji wa udongo na ujira wake mwenyewe. Anaona kila kimoja kimemgharimu Sh. 2,000, hivyo anauza Sh. 2,500 akiamini anapata faida ya Sh. 500.

Motoni vinapasuka vinane, na njiani viwili. Vinavyofika sokoni ni 30, vyenye thamani ya Sh. 75,000. Amepata hasara ya Sh. 5,000 huku akidhani anafanya biashara. Kama vingepasuka viwili tu motoni na viwili njiani, angeuza 36 kwa Sh. 90,000 na kubakiwa na Sh. 10,000. Bei ni ile ile, mnunuzi ni yule yule.

Dawa ya kwanza haina gharama kubwa: kukausha vizuri na kupasha vyungu joto pole pole kabla ya moto mkali. Ya pili ni tanuru la matofali, ambalo huhifadhi joto na kumwezesha mchomaji kuudhibiti moto. Tanuru linahitaji mtaji, hivyo linafaa zaidi kwa kikundi kuliko mtu mmoja. Kuni nazo zihesabiwe kwa thamani yake halisi. Mikoko ya delta ni hifadhi ya msitu, na kuikata bila kibali ni kosa.

Soko

Sufuria na ndoo za plastiki zimechukua sehemu kubwa ya jikoni. Bado mtungi hupoza maji bila umeme, kwa kuwa maji hupenya taratibu na kukauka juu ya ngozi yake. Chetezo cha ubani na vyungu vya maua navyo vina wateja mijini.

Kibiti iko kwenye barabara ya Dar es Salaam kwenda Kilwa na Lindi, ambako Daraja la Mkapa lilichukua nafasi ya kivuko mwaka 2003. Mzigo ufungwe kwa nyasi kavu ndani ya matenga.

Wakati wa masika udongo haukauki na kuni huloa; Aprili 2024 mafuriko yalizikumba wilaya zote mbili, Rufiji na Kibiti. Mwenye kuchoma wakati wa kiangazi na kuweka akiba ndiye atakayekuwa na mali mvua zikianza. Ila kabla ya kupanga bei, ahesabu vigae kwanza.