Muscat: Gari lishike kona, abiria wasiumie

Kila asubuhi magari mengi ya wakazi wa Muscat hupanda na kushuka barabara ya mlimani inayounganisha Bausher na Al Amerat. Ni njia ya mkato iliyochongwa katika majabali, yenye mteremko mkali na kona ndefu zinazofuatana, na kila dereva anayepita hapo huifahamu tabia ya gari lake kabla hajafika bondeni.

Lipo gari linaloshika njia kwa utulivu. Lipo jingine linalolala upande mmoja, abiria wakashikilia milango, na dereva akalazimika kuukata usukani zaidi na zaidi ilhali pua ya gari inazidi kusogea ukingoni.

Mwenye gari la aina ya pili mara nyingi huenda gereji, Wadi Kabir au Ghala, akiwa na ombi moja: springi ngumu, gari lishushwe, na rimu kubwa. Baada ya majuma mawili hurejea na lalamiko jipya. Gari halilali tena, lakini kila tuta la mtaani linamfikia kwenye uti wa mgongo, na mama mzazi aliyekuja kutoka Unguja kuwatazama wajukuu anaomba apelekwe kwa teksi.

Je, ni lazima mtu achague kati ya kona na mgongo?

Kwa gari la kawaida la kwendea kazini na sokoni, jibu ni hapana. Magari mengi yanayolala ovyo kwenye kona hayakutoka kiwandani yakiwa hivyo. Yamechakaa, na kile kilichochakaa kimeharibu kona na starehe kwa pamoja. Kukitengeneza hurejesha vyote viwili.

Viganja vinne vya mpira

Gari hugusana na barabara mahali panne tu, kila mahali pakiwa na ukubwa unaokaribia kiganja cha mtu mzima. Kona, breki na mwendo wote hutegemea viganja hivyo vinne vya mpira.

Gari linapoingia kona, uzito huhama kutoka matairi ya ndani kwenda matairi ya nje. Kiasi kinachohama hutegemea kasi na ukali wa kona, kimo cha kitovu cha uzito wa gari, na upana baina ya magurudumu. Ndiyo maana magari marefu ya jangwani, yanayopendwa sana Oman, huyumba kuliko saluni ya chini hata yakiwa mapya.

Springi ngumu hazipunguzi sana uzito huo unaohama. Zinachopunguza ni kulala kwa bodi, na hapa ndipo wengi hujidanganya. Ni kweli kwamba bodi ikilala kupita kiasi matairi husimama kombo na gari huchelewa kuuitikia usukani. Lakini gari lisilolala si lazima liwe gari linaloshika. Springi ngumu mno kwenye lami yenye mabonde hulirusha tairi, na tairi lililo hewani halishiki kitu.

Kuhusu kasi hakuna mjadala. Dereva anayeingia kona kwa kilomita 80 kwa saa badala ya 60 anayadai matairi yake nguvu iliyozidi kwa karibu asilimia 78, kwa sababu nguvu hiyo huongezeka kwa mraba wa mwendo. Hakuna kifaa cha dukani kinachoweza kulipa deni la namna hiyo.

Joto la Oman

Riali ya kwanza, kwa hiyo, itumike kwenye matairi.

Mwezi wa Juni 2018, katika mji wa Quriyat ulio pwani kusini-mashariki ya Muscat, kipimo cha joto hakikushuka chini ya nyuzi 42.6 kwa muda wa saa 24, usiku ukiwemo. Lami ya mchana huwa na joto kubwa zaidi ya hilo. Katika hali hiyo mpira huzeeka upesi: hukauka, huwa mgumu na kupasuka vijiufa ubavuni, hata kama meno yake bado ni marefu.

Hili huwakuta hasa wenye magari yanayoegeshwa juani na kutembea kidogo. Tairi hutazamwa, likaonekana jipya, likasifiwa. Ukweli umeandikwa ubavuni mwake: tarakimu nne za mwisho za namba inayoanza na herufi DOT huonyesha juma na mwaka wa kutengenezwa. Tarakimu 3516, kwa mfano, ni juma la 35 la mwaka 2016, na tairi la umri huo si la kuaminiwa kwenye mteremko wa Al Amerat, wala siku mvua ya kwanza inapochanganyika na mafuta na vumbi lililolala barabarani miezi kadhaa.

Upepo nao una hesabu yake. Kipimo sahihi kimebandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva, na si ile namba kubwa iliyo ubavuni mwa tairi, ambayo ni ukomo wa juu. Hupimwa asubuhi, kabla gari halijatembea, kwani upepo huongezeka kwa takriban paundi moja kwa kila nyuzi tano au sita za joto zinazozidi.

Wengine hupunguza upepo ili wapite mchangani huko Sharqiya mwisho wa juma, kisha wakarejea Muscat kwa mwendo wa barabara kuu bila kuujaza tena. Tairi laini hujikunja kwenye kona, hupata moto na huweza kupasuka.

Anayenunua matairi mapya atafaidika zaidi kwa kubaki na rimu za kiwandani na kuchagua tairi lililo bora. Rimu kubwa hudai tairi lenye ubavu mwembamba. Ni kweli tairi la namna hiyo huuitikia usukani haraka, lakini ubavu ule ndio mto wa kwanza wa abiria. Rimu kubwa pia huwa nzito aghalabu, na gurudumu zito ni gumu kulituliza linapopiga shimo.

Kazi ya shokomzoba

Springi hubeba gari. Shokomzoba kazi yake ni kuizuia springi isiendelee kucheza. Ndani yake mna mafuta yanayolazimishwa kupita katika vitundu vidogo, na nguvu ya mtikisiko hugeuka kuwa joto. Mafuta yakichoka au yakivuja, springi hubaki bila mwenye kuituliza.

Dalili zake zinajulikana. Gari huendelea kunesanesa baada ya kuvuka tuta, huzama pua linapofunga breki, matairi hulika kwa mawimbi, na abiria wa nyuma hupata kichefuchefu. Dereva husema gari lake ni laini. Kwa hakika limechoka.

Na hapa pana siri ambayo wauzaji wengi wa vipuri hawaielezi. Gari linapolala kwenye kona, shokomzoba husogea polepole. Gurudumu linapopiga shimo, husogea kwa kasi sana. Kwa kuwa mienendo hiyo miwili ni tofauti, shokomzoba iliyotengenezwa vizuri huweza kuwa ngumu katika ule wa polepole na kulegea katika ule wa kasi. Hushika bodi kwenye kona, huku ikiyameza mashimo. Ile ya bei rahisi huwa ngumu kote au laini kote.

Kwa gari la kila siku, shokomzoba za kiwango cha kiwandani, au zilizokazwa kidogo tu kuliko hizo, zikiwa pamoja na springi za asili, ndizo zinazoleta mabadiliko makubwa kwa hasara ndogo. Hubadilishwa mbili mbili, za mbele pamoja au za nyuma pamoja.

Funzo la Pijo

Wazee wa Afrika Mashariki waishio Muscat hawahitaji kufundishwa kwamba ulaini na kushika njia vinaweza kukaa nyumba moja. Waliliona Peugeot, au Pijo kama walivyoliita.

Peugeot 404 ilishinda mashindano ya Safari Rally mwaka 1963, kisha mara tatu mfululizo, 1966, 1967 na 1968. Ushindi wa 1966 na 1967 ulikuwa wa Bert Shankland, dereva kutoka Tanzania. Peugeot 504 ilifuata kwa ushindi wa 1975 na 1978.

Gari hilohilo lilikuwa teksi ya safari ndefu nchini Kenya, likibeba familia nzima na mizigo juu ya keria. Springi zake zilikuwa laini na ndefu, na shokomzoba zake ziliwezana nazo. Lililala kwenye kona bila aibu, lakini magurudumu yalibaki ardhini. Walioliendesha katika barabara za vumbi walijua kwamba kulala si kuteleza.

Bushi na chuma cha stabilaiza

Kati ya gurudumu na bodi mna vipande vya mpira vinavyoitwa bushi. Joto huvila kama linavyoyala matairi. Bushi zikikatika, gurudumu hujielekeza litakako katikati ya kona, na mlio wa kugongagonga husikika kwenye matuta. Ni vitu vya bei nafuu ukilinganisha na springi, na ajabu ni kwamba huwa vya mwisho kukumbukwa. Bushi za plastiki ngumu zipo, lakini hizo huleta kelele na mtikiso. Mpira wa kawaida unatosha. Baada ya hapo gari lipelekwe kwenye alaimenti, magurudumu yasomwe kwa mashine na kurudishwa katika vipimo vya kiwanda.

Ikiwa bado gari linalala kuliko mwenyewe anavyopenda, iko dawa moja ya busara: chuma cha stabilaiza. Ni fimbo ya chuma inayounganisha gurudumu la kulia na la kushoto. Magurudumu yote mawili yanapopanda tuta kwa pamoja, fimbo huzunguka tu bila kuyazuia. Bodi inapolala, fimbo hujisokota na kukataa. Hivyo huongeza ukakamavu pale tu unapohitajika.

Haikosi gharama. Gurudumu moja linapoingia shimoni, jingine hutikiswa pia, na kwenye mawe ya wadi hupunguza uwezo wa magurudumu kunyumbuka. Ndiyo maana Toyota iliwawekea wanunuzi wa baadhi ya Land Cruiser mfumo wa mafuta unaoilegeza fimbo hiyo nje ya lami na kuikaza barabarani.

Kwa saluni inayovutwa na magurudumu ya mbele, fimbo nene kidogo kwa nyuma hupunguza ile tabia ya pua kukimbilia nje. Ikizidi unene, mkia ndio utakaokimbia, na hilo ni la hatari zaidi kwa dereva wa kawaida. Hatua moja juu ya ile ya kiwandani inatosha.

Springi zilizokatwa kwa msumeno, jambo ambalo mafundi wengine bado hulifanya, hazina utetezi wowote. Gari huishiwa nafasi ya kushuka, bodi hugota kwenye vizuizi, na tairi hupoteza mshiko ghafla katikati ya kona. Aidha, sheria za Oman haziruhusu gari kubadilishwa bila idhini ya Polisi ya Kifalme ya Oman, na mabadiliko ya aina hiyo huweza kulikwamisha gari kwenye ukaguzi.

Mikono ya dereva

Mtu aliyejifunza gari Mombasa au Dar es Salaam huingia mzunguko wa barabara kwa upande wa kushoto, na kwa Kiswahili cha Tanzania huuita kipilefti. Muscat huendesha upande wa kulia, na neno hilo, ambalo wengine wamekuja nalo, humfanya mgeni acheke anapoukaribia mzunguko wa Burj Al Sahwa. Kanuni ya kona, hata hivyo, haibadiliki kwa upande. Breki zikamilishwe gari likiwa bado limenyooka, usukani ukatwe mara moja kwa utulivu, na moto uongezwe kidogo kidogo linapoanza kutoka. Anayefunga breki katikati ya kona huupeleka uzito mbele wakati matairi yana kazi nyingine, na mkia hubaki mwepesi.

Umuhimu wa hayo unajulikana Oman. Mwaka 2012 watu zaidi ya 1,000 walikufa katika ajali za barabarani nchini humo, kabla ya idadi hiyo kupungua sana katika miaka iliyofuata.

Kwa anayeelekea gereji juma hili, liko jambo moja la kumkumbusha fundi. Bushi mpya za mpira zisikazwe gari likiwa limening'inia kwenye jeki, magurudumu yakiwa hewani. Boti zifungwe kwa mkono kwanza, gari lishushwe mpaka lisimame kwa uzito wake, kisha zikazwe. Zikikazwa juu, mpira husokotwa pindi gari linapotua, na bushi iliyotarajiwa kudumu miaka hupasuka mapema.