Mtu na Raia katika Katiba ya Marekani

Mfasiri anayeieleza Katiba ya Marekani kwa Kiswahili hukutana upesi na maneno mawili ambayo, katika mazungumzo ya kila siku, twayatumia kana kwamba ni mamoja: mtu na raia. Barazani au sokoni si kitu kusema haki za raia huku tukikusudia haki za watu wote. Lakini katika sheria hiyo kila neno lina mahali pake, na mara nyingi maisha ya mwanadamu yametegemea ni lipi kati ya hayo mawili lililoandikwa. Makala haya yakusudia kueleza kwa ufupi misingi ya serikali ya nchi hiyo, kisha kuonyesha jinsi maneno hayo yanavyogawana haki zilizomo.

Katiba hiyo iliandikwa katika mji wa Philadelphia mwaka 1787. Wajumbe 55 walihudhuria mkutano ule, na 39 kati yao walitia sahihi tarehe 17 Septemba. Serikali mpya ilianza kazi mwaka 1789. Waraka wenyewe ni mfupi: una vifungu saba tu, na tangu hapo umeongezewa marekebisho 27, la mwisho likithibitishwa mwaka 1992. Uchache wa marekebisho hayo haukuja kwa bahati. Kwa kawaida rekebisho hupendekezwa kwa thuluthi mbili za kila baraza la Kongresi, na haliwi sheria mpaka lithibitishwe na robo tatu ya majimbo, yaani majimbo 38 kati ya 50.

Msingi wa kwanza wa serikali hiyo ni kugawanya mamlaka. Kutunga sheria ni kazi ya Kongresi, yenye Baraza la Wawakilishi la wajumbe 435 wanaochaguliwa kila baada ya miaka miwili, na Seneti ya wajumbe 100, wawili kwa kila jimbo, liwe kubwa au dogo, ambao muda wao ni miaka sita. Kutekeleza sheria ni kazi ya Rais, ambaye muda wake ni miaka minne, naye kwa rekebisho la mwaka 1951 hawezi kuchaguliwa zaidi ya mara mbili. Kuamua mashauri ni kazi ya mahakama, na iliyo kubwa kuliko zote ni Mahakama ya Juu yenye majaji tisa. Wala hakuna hata mmoja kati ya hao watatu aliyeachiwa peke yake. Rais aweza kuukataa mswada, lakini Kongresi yaweza kuupitisha kwa thuluthi mbili za kila baraza. Majaji huteuliwa na Rais, lakini kwa idhini ya Seneti. Na tangu hukumu ya Marbury na Madison ya mwaka 1803, mahakama hutangua sheria iliyo kinyume cha Katiba. Msingi wa pili ni kwamba mamlaka ambayo serikali ya muungano haikukabidhiwa yamebaki kwa majimbo au kwa watu wenyewe.

Ama kuhusu haki, nyingi hazimo katika vifungu saba vya awali, bali katika marekebisho kumi ya kwanza, yaliyothibitishwa tarehe 15 Desemba 1791. Hapa mfasiri apaswa kutazama kitenzi kabla ya nomino. Rekebisho la Kwanza halisemi kwamba serikali yawapa watu uhuru wa kusema, wa dini na wa kukusanyika. Lasema kwamba Kongresi isitunge sheria ya kuupunguza uhuru huo. Uhuru wachukuliwa kuwa upo tayari. Kinachoandikwa ni katazo kwa mtawala. Anayefasiri kwa kitenzi cha kupewa amegeuza zuio likawa zawadi, na zawadi aliyetoa aweza kuitwaa. Tuongeze kwamba mwanzoni makatazo hayo yaliifunga serikali ya muungano peke yake. Ni katika karne ya 20 ambapo mahakama ziliyaeneza, moja baada ya jingine, hadi yakayafunga majimbo pia.

Sasa tulitazame neno mtu. Katiba ya mwaka 1787 ilikubali utumwa, lakini neno utumwa halimo humo hata mara moja. Waandishi waliwataja watumwa kwa kuzunguka: katika kuhesabu wakazi kwa ajili ya uwakilishi, walisema kwamba watu wengineo watano wahesabiwe kama watatu; katika biashara ya kuwaleta, walitaja watu wa namna ile, wasizuiliwe na Kongresi kuingia kabla ya mwaka 1808; na mtoro waliitwa mtu aliyefungwa na utumishi. Neno utumwa liliingia katika Katiba kwa mara ya kwanza mwaka 1865, katika Rekebisho la Kumi na Tatu, nalo liliingia ili lipigwe marufuku. Basi neno mtu, ambalo hapo kwanza lilikuwa pazia la kuficha aibu, lilikuwa limekwisha kukiri jambo ambalo mwenye mtumwa hakupenda kulisikia.

Mwaka 1857 Mahakama ya Juu, katika shauri la Dred Scott, iliamua kwamba mtu mweusi wa kizazi cha watumwa hawezi kuwa raia wa Marekani, na kwa hiyo hana njia ya kushtaki katika mahakama za muungano kwa haki ya uraia. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, Rekebisho la Kumi na Nne la mwaka 1868 lilijibu kwa maneno yote mawili. Kwanza lilisema kwamba aliyezaliwa au kuandikishwa uraia nchini humo, akiwa chini ya sheria zake, ni raia. Kisha likaacha neno raia na kusema kwamba jimbo lisimwondolee mtu yeyote uhai, uhuru wala mali pasipo utaratibu wa sheria, wala lisimnyime mtu yeyote ulinzi sawa wa sheria.

Badiliko hilo la neno lilipimwa mwaka 1886 katika shauri la Yick Wo. Mji wa San Francisco uliagiza kwamba mwenye duka la dobi katika jengo la mbao aombe ruhusa. Wachina walinyimwa, na wasio Wachina karibu wote wakapewa. Yick Wo hakuwa raia. Mahakama ya Juu ilimpa haki, kwa kuwa Rekebisho lilisema mtu. Ama haki ya kupiga kura imewekewa neno jingine: marekebisho ya 1870, 1920, 1964 na 1971 yote yataja haki ya raia.

Tusidhani kwamba neno lajitekeleza lenyewe. Ulinzi sawa uliandikwa mwaka 1868, lakini mwaka 1896 Mahakama ya Juu iliruhusu utengano wa rangi, na haikuukataza katika shule za serikali mpaka mwaka 1954. Hata hivyo waliodai walikuwa na neno la kushika.

Kwetu sisi wa lugha, raia lina historia yake pia: asili yake ya Kiarabu ni kundi linalochungwa, na zamani lilitumika kwa walio chini ya mfalme. Leo limepanda daraja, nasi twalitumia kwa ukarimu. Lakini Marekani wapo wasemaji wengi wa Kiswahili, hasa waliotoka Kongo, na baadhi yao hawajapata uraia. Mgeni aweza kuondolewa nchini kwa sheria, wala hapigi kura ya kumchagua Rais. Lakini Rekebisho la Tano lakataza mtu yeyote kulazimishwa kujishuhudia katika kesi ya jinai. Karatasi ya maelezo itakayosema hapo raia imemwambia msomaji wake kwamba hana haki ya kunyamaza, ilhali anayo. Kwa hiyo kanuni ni nyepesi: palipoandikwa mtu, tuandike mtu.