Neno "Mwizi" na Bei Yake

Wengi wetu tuna jamaa aliyekwenda bara kutafuta riziki. Tuseme wako anauza vitambaa mjini Meru. Asubuhi moja anaziona picha za mali yake kwenye ukurasa wa muuzaji wa Embu, ambaye hupokea arubuni za wateja kwa M-Pesa, kisha mali haiji. Hasira yampanda, na kidole ki tayari kuandika "mwizi" katika kundi la WhatsApp la wafanyabiashara.

Kweli, tarehe 6 Februari 2017 Mahakama Kuu ilikibatilisha kifungu cha 194 cha Kanuni ya Adhabu, kilichoifanya kashfa kuwa jinai. Waliokipinga walikuwa wameshtakiwa kwa maandishi ya Facebook, kwenye ukurasa wa kuwatahadharisha wanunuzi. Hukumu ile iliondoa jela, fidia ilibaki. Kifungu cha 16A cha Sheria ya Kashfa chaweka kima cha chini cha shilingi 400,000 pale mtu anapotuhumiwa kwa maandishi kosa lenye kifungo kisichopungua miaka 3. Wizi wa kawaida una adhabu ya miaka 3. Ukweli ni kinga, naam, ila mzigo wa kuuthibitisha ni wa aliyeandika.

Wapo wanaoutafuta ushahidi kwa kubahatisha nywila ya mshindani. Hapo aliyedhulumiwa hugeuka mshtakiwa: Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018 humwadhibu anayeingia katika mfumo wa mwenziwe bila idhini kwa faini hadi shilingi milioni 5, au kifungo hadi miaka 3, au vyote viwili.

Basi aende polisi. Taarifa itolewayo huko kwa nia njema ina kinga ya kisheria, lakini kinga hiyo huvunjwa na chuki. Na hapa mfanyabiashara hubanwa kuliko mteja. Wakili wa upande wa pili hatakosa kuuliza: duka lile likifungwa, wanunuzi watakwenda kwa nani? Tena, kumpa mtumishi wa umma habari unayoijua kuwa ya uongo, kwa nia ya kumdhuru mtu, ni kosa la kifungo cha miaka 3.

Kwa hiyo aeleze aliyoyaona mwenyewe: tarehe, picha zake, ukurasa wenyewe. Asimpe mtu jina la kosa. Hiyo ni kazi ya mahakama. Mteja aliyepoteza fedha naye aripoti kwa kinywa chake, na ujumbe wa M-Pesa mkononi. Picha za skrini huhitaji cheti cha kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, jambo ambalo wengi hulijua wakiwa kizimbani. Tangazo la kupotosha wanunuzi laweza pia kufikishwa kwa Mamlaka ya Ushindani. Asiondoke kituoni bila nambari ya OB.

Na ikiwa "mwizi" limekwisha kutumwa, alifute upesi na kuonana na wakili. Yule wa Embu ana miezi 12 ya kufungua madai.